Kadi Niliyoifuta

Duka letu lilikuwa Tarime mjini, si mbali na stendi, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele nilikaa mimi na kompyuta ya kupokelea kazi. Nilichapa barua, nilitoa kopi, nilihamisha picha kutoka kwenye simu za watu. Nyuma ya pazia alikaa mwenzangu na kompyuta ya pili, pamoja na mashine ya kuchapia picha na kile kiti cha pasipoti kilicholegea mguu. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi, Mwislamu mzaliwa wa hapo hapo Tarime. Babu yake alikuja kutoka pwani na cherehani yake, akaoa huku, akazikwa huku. Watu walimwita fundi kwa sababu alianza na kutengeneza kamera, zamani, kamera zilipokuwa bado zinatengenezwa. Mimi nami nilimwita fundi, yeye akaniita dada. Kwetu ni Morotonga, karibu na Mugumu. Mimi ni mtu wa Ikoma niliyeolewa Tarime, na Kikurya changu mpaka leo ni cha sokoni.

Kwa miaka tulipitishiana kazi kwa flashi chini ya pazia. Flashi zilipotea, nyingine zilikuja na virusi, na mbili zilikanyagwa. Ndipo fundi aliporudi kutoka Sirari, mpakani, na kisanduku cheusi chenye diski ndani, kikubwa kama Biblia ya mkononi. Tulikiunganisha na ruta, na kompyuta zote mbili zikawa zinaona folda moja, tuliyoiita Kazi. Nikiweka picha mbele, yeye anaiona nyuma saa ileile. Wiki ya kwanza tulifurahi kama watoto. Nilikuwa naweka picha ya mteja halafu nakohoa, naye anajibu kwa kukohoa nyuma ya pazia, maana yake ameipata.

Kisanduku kile kilikuwa na programu yake. Mara kwa mara kwenye kona ya kioo changu ulitokea ujumbe wa rangi ya machungwa, kwamba kuna toleo jipya na inashauriwa kulipakua. Bando la duka tulilibana sana, na upakuaji ule ulikuwa mkubwa. Nilibonyeza "baadaye". Kila ulipotokea nilibonyeza "baadaye", mpaka nikawa sisomi tena ulichoandika.

Mama yule alikuja asubuhi moja ya wateja wengi. Alikuwa rika langu, mtoto mgongoni, vumbi la barabara limemshika mpaka kwenye kope kwa sababu alikuwa ametoka Matongo kwa bodaboda. Alisubiri wenzake wote wahudumiwe. Alipofika mezani aliitoa simu ndani ya kitambaa.

"Inaganda," alisema. "Mtu akipiga siwezi kupokea. Wananiambia imejaa."

Niliifungua nikaangalia. Kadi ya kumbukumbu ilikuwa imejaa kabisa, karibu yote ni video, na picha kiasi.

"Tatizo ni hizi video, mama. Tukizipunguza itakaa sawa."

Aliweka kiganja juu ya simu upesi, kama mtu anayezuia chai isimwagikie nguo. "Hizo hapana. Hizo ni za baba yao."

Basi akanieleza, akiwa amesimama, huku akimpigapiga mtoto mgongoni. Mume wake alikuwa fundi magari kwenye kambi moja ya watalii upande wa Ikoma. Alikuwa akija nyumbani kila baada ya miezi mitatu. Katikati ya safari hizo alijirekodi wakati wa mapumziko ya mchana, akizungumza na binti zake wawili, na alipokuja likizo alizihamishia zote kwenye simu ya mkewe. Mwaka uliotangulia aliangukiwa na gari alilokuwa ameingia chini yake kulitengeneza. Mtoto huyu wa mgongoni alizaliwa miezi miwili baada ya mazishi.

"Huyu hajamwona," alisema. "Atamwona humo."

Alichotaka kilikuwa rahisi. Video zitoke kwenye simu, zikae kwenye flashi atakayoifungia sandukuni. Na picha moja ichapwe kubwa, ya kusimamishwa kanisani siku ya kumbukumbu ya mwaka, ambayo ilikuwa imebaki kama majuma mawili. Ili kuchagua picha tulizipitia pamoja, na katikati yake akagusa video moja ikaanza kucheza. Wala hakuizima.

Mwanamume alikuwa amekaa juu ya tairi, ovaroli imefunguliwa mpaka kiunoni, mikono myeusi kwa oili. Alikuwa anawaonyesha binti zake twiga aliyesimama mbali nyuma ya ua, anawataka wahesabu miguu yake kana kwamba anaweza kuwasikia wakihesabu. Alisubiri, akatikisa kichwa, akasema wamekosea, wahesabu tena. Kisha akasogeza uso karibu na simu akasema maneno ya chini. Kikurya changu hakikufika huko.

"Anasema nini?"

"Anaongea na huyu," alisema, akionyesha mgongoni kwa kichwa. "Nilikuwa na mimba. Anamwambia asinisumbue mama yake."

Alicheka, nami nikacheka. Mteja aliyekuwa nyuma yake akauliza kama tunafanya kazi au tunaangalia sinema.

Nilichomeka simu nikaanza kunakili moja kwa moja kwenye folda ya Kazi. Umeme siku ile ulikuwa wa kuchezacheza. Kompyuta zetu zilikuwa na betri, zenyewe hazikuzimika, ila kisanduku na ruta zilizimika mara moja zikawaka tena. Mstari wa kunakili ulisimama. Nikaangalia. Baada ya dakika hivi ukaendelea, ukafika mwisho, na maandishi yakatokea kwamba imekamilika. Nilifungua folda. Majina yalikuwepo yote. Ukubwa wa kila faili ulikuwa sawasawa na ule wa kwenye simu. Idadi nayo ilikuwa sawa. Nililinganisha yote hayo, nami nilijiona mtu makini.

Sikufungua hata moja.

"Zimeshaingia?" aliuliza.

Nilimgeuzia kioo. "Hizi hapa zote. Nikusafishie kadi sasa?"

Aliangalia majina yale, namba tu za tarehe na saa, akitafuta labda sura ya mume wake kati ya namba. Kisha akaitikia kwa kichwa. Nikabonyeza, nikaifuta kadi yote, nikampa simu yake nyepesi, inafanya kazi.

"Njoo baada ya siku nne, mama. Utakuta picha na flashi yako."

Siku ya pili yake, fundi aliniita kutoka nyuma ya pazia. "Dada, hii picha ya marehemu mbona haifunguki?"

Nilimwambia ajaribu nyingine. Akajaribu, ikakataa. Nikaingia nyuma, nikasimama begani kwake. Tulifungua video ya kwanza, kioo kikawa cheusi na kubaki cheusi. Tulifungua ya pili, ya tatu. Fundi alichukua programu moja ya kuonyesha faili lilivyo ndani, yaani zile herufi na namba zinazolijenga, akaliweka humo faili la twiga. Zilikuwa sifuri. Mstari wa kwanza sifuri, wa pili sifuri. Alivuta chini, akavuta tena. Faili lilikuwa kubwa, na lote, mwanzo hadi mwisho, lilikuwa sifuri tupu.

"Saizi ipo," alisema polepole. "Jina lipo."

Tulifunga mlango wa duka mchana ule, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya, tukapekua folda ya Kazi faili moja moja. Kazi kadhaa za majuma matatu yaliyopita zilikuwa hivyo hivyo: nzima kwa nje, hakuna kitu ndani. Na zote zilikuwa zimeingizwa saa ambazo umeme uliyumba. Picha za pasipoti za watu watano. Barua za ofisi ya kata. Picha za mahafali ya darasa la saba, karibu nusu yake.

Niliwapigia wote simu kabla ya jioni. Niliwaambia ukweli, kwamba kisanduku chetu kimetuharibia kazi, waje tufanye upya. Wengine walinung'unika, wengine walicheka, wote walikuja. Walikuwa na sura zao, walikaa tena kwenye kiti kile kibovu nikawapiga picha upya.

Namba ya mama wa Matongo ilikuwa kwenye daftari pamoja na zao. Hiyo sikuipiga. Nilimwambia fundi, "Huyu nitaongea naye akija, si jambo la simu." Ilisikika kama heshima. Ilikuwa woga. Na nimeurudia woga ule kichwani mara nyingi kuliko kosa la kwanza, kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa la mashine na langu nusu kwa nusu, lakini huu ulikuwa wangu wote.

Alikuja siku ya nne kama nilivyomwambia. Alikuwa na fremu mpya, ameinunua sokoni akipita, bado ina karatasi ya kiwandani yenye picha ya familia ya Kizungu. Aliiweka mezani mbele yangu. Akasema anataka kuona kama picha itaenea.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno. Nilipomwona na fremu ile maneno yale yalinitoka, na mengine yakaja yenyewe.

"Mama, pole. Tumejaribu kuzifungua, zimekataa. Inaonekana zilikuwa zimeshaharibika humo humo ndani ya simu."

Hakuelewa mara moja. "Lakini tuliiangalia. Ya twiga."

"Hiyo moja ilikuwa inacheza, nayo ikakata wakati wa kuihamisha. Nyingine kadi ilikuwa imeshaanza kuzila. Kadi huwa zinafanya hivyo. Ikipata maji, ikipata joto."

Nikamwona anafikiri. Sijui kama kuna kitu kibaya zaidi kuliko kumwona mtu anakusaidia kujenga uongo wako. Alisema taratibu, "Nilinyeshewa nayo. Mwezi ule wa mvua, nilikuwa natoka shambani. Ilikuwa kwenye kanga, ililowa mpaka ikazimika." Akampandisha mtoto mgongoni. "Basi ni mimi."

Sikusema "si wewe." Nilisema, "Ndiyo mambo ya dunia, mama."

Halafu nikafanya jambo ambalo wakati ule niliona ni wema. Nikamwambia aniachie simu dakika chache, nimwekee nyimbo za kwaya, za kumfariji, bure. Nikaijaza kadi ile nyimbo mpaka nafasi ikabaki kidogo. Nyimbo za Kiswahili, za Kikurya, za Kijaluo, na video za kwaya za kutoka ng'ambo ya mpaka. Alishukuru. Akachukua fremu yake na karatasi yake ya kiwandani akatoka.

Pazia lilifunguka. Fundi alikuwa amesimama, miwani mkononi.

"Umemwambia nini yule mama?"

"Umesikia."

"Nimesikia, nauliza kama na wewe umesikia."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kisanduku alikileta yeye. Alisema ni kweli, alikileta yeye, na angemwambia hivyo yule mama kama ningempa nafasi. Kisha akasema neno lililonifanya nikae chini. "Umemwekea nyimbo kwenye kadi ileile?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

Alinieleza kwa upole, na upole wake ulinichoma. Kufuta kadi hakuondoi vilivyomo. Kunaondoa tu orodha. Video zinabaki pale chini mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Alikuwa amepanga, mama yule akija, tumwombe kadi, tusiiguse, tuipeleke Sirari kwa kijana aliyemuuzia kisanduku, ambaye ana programu za kurudisha. Alidhani nami najua. Uongo aliusikia, lakini la nyimbo alilidaka mwishoni tu, kwa sababu alikuwa anamchapia mtu picha, na mashine ile ina kelele.

Hatukusemezana siku ile wala iliyofuata. Aliswali, alichapa, alifunga vitu vyake, alikwenda. Nyumbani nilimwambia mume wangu naumwa kichwa. Kila nilipofungua bomba la maji nilimwona mama yule anatembea kwenye mvua na simu ndani ya kanga, mvua ambayo mimi ndiye niliyemnyeshea.

Siku ya tano baada ya uongo ule nilipanda bodaboda kwenda Matongo. Nilimwambia fundi tu kwamba naenda. Alitoa chombo kidogo cha kuhifadhia kadi kutoka kwenye droo yake akanipa.

Nilielekezwa nyumba kwa kumuulizia mjane wa yule fundi magari wa Ikoma. Uani walikuwa wanapepeta mtama kwa ajili ya siku ya kumbukumbu, yeye na mama mkwe wake na wanawake wengine wawili. Nilimsalimu kwanza yule mama mkwe, bibi wa nyumba. "Shikamoo, mama." Akaitikia, akanisogezea kigoda. Mjane alinitazama kwa furaha, na nikajua anadhani kitu kimepatikana.

Nilimwomba tuzungumze pembeni. Akasema hapa hapa, hakuna mgeni. Basi nikasema mbele yao wote, Kiswahili chote, naye akawa anamgeuzia bibi kwa Kikurya kila nilipovuta pumzi.

"Niliyokuambia dukani siyo kweli. Simu yako haikuharibika. Zilikuwa nzima. Zilipotea kwetu, kwenye mashine yetu, na mimi sikuzifungua kuangalia kabla ya kufuta. Halafu nikakudanganya kwa sababu niliogopa."

Aliacha kumgeuzia bibi. Ungo ulikuwa bado magotini mwake.

"Kwa hiyo siyo mvua?"

"Siyo mvua."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Aliuweka ungo chini. Alitazama mikono yake. "Nimemwambia binti yangu mkubwa ni mimi," alisema. "Ameniuliza kwa nini nilipita kwenye mvua, kwa nini sikungoja kwenye nyumba ya watu. Siku tano haongei na mimi. Ana miaka tisa." Sauti yake ilikuwa inapanda kidogo kidogo. "Wewe una watoto?"

"Ninao."

"Ulikuwa umekaa pale, unaniangalia, ninasema ni mimi."

Bibi aliuliza kitu, naye akamweleza kwa Kikurya cha haraka, na yule bibi akaniangalia muda mrefu sana. Hakunifukuza. Heri angenifukuza. Alisema maneno machache, na mmoja wa wanawake wale akanifasiria kwa sauti ya chini: "Anasema afadhali umekuja kwa miguu yako."

Kisha ikabidi niseme na la kadi. Kwamba nyimbo zile nilizomwekea huenda ndizo zimemalizia kufuta video zilizokuwa zimebaki chini. Alisimama, akaingia ndani, akarudi na kadi yenyewe amekwisha kuitoa kwenye simu. Aliiweka kwenye kile chombo cha fundi kwa vidole viwili. Hakunigusa mkono.

"Lete chochote," alisema. "Hata kipande."

Kesho yake tulikwenda Sirari pamoja, mimi na fundi, kadi na kisanduku cheusi vikiwa kwenye mfuko. Kijana wa duka la kompyuta alikuwa na Kiswahili cha upande wa pili wa mpaka. Alikichomeka kisanduku, akaangalia namba ya programu yake, akaguna.

"Hii iko na shida, na si kwenu peke yenu. Netiweki ikipotea kidogo halafu irudi, hii programu inaambia kompyuta ati imeandika, na haijaandika. Inaweka jina, inaweka saizi, lakini ndani inajaza sifuri tu. Wenye programu waliirekebisha kitambo. Hamkuona apdeti?"

Fundi aliniangalia. Nilisema niliiona.

"Mngeichukua hiyo tu," alisema yule kijana, si kwa ukali, kama mtu anayesoma mita. Akaweka kadi kwenye mashine yake. Tulisubiri kwa muda wa karibu saa tatu. Alitoa picha nne, mbili kati yake nusu ya juu ni mtu na nusu ya chini ni rangi ya kijivu, nyingine mbili ni kijivu tupu. Alitoa video mbili zilizokatika. Moja ilionyesha udongo na buti, nyingine ua na anga, hakuna mtu. Sauti ya marehemu ilikuwepo kwenye ile ya udongo, sekunde chache, nyuma ya injini iliyokuwa inanguruma.

"Kadi imejazwa juu," alisema. "Nyimbo. Mngekuja kabla ya nyimbo..." Akaiacha sentensi hapo, na mimi sikumwomba aimalize.

Njiani kurudi nilimwambia fundi nitakwenda Ikoma. Marehemu alikuwa amefanya kazi na watu kule, na watu wana simu. Mjomba wangu anaishi karibu na geti la hifadhi na anawajua madereva wengi. Fundi alisema hayo ndiyo maneno ya kwanza ya maana niliyosema juma lile, kisha akacheka kidogo, nami nikajua tumerudi kuwa watu wawili wa duka moja.

Nililala kwetu Morotonga, na asubuhi mjomba akanipeleka mpaka kwenye karakana ya kambi ile. Mafundi walitoka chini ya magari mmoja mmoja, wakajifuta mikono. Nilipowaeleza nimekuja kutafuta nini kila mmoja akaanza kupekua simu yake. Wengi walikuwa wamebadilisha simu. Mmoja alikuwa na picha ya kundi, siku ya kukabidhiwa ovaroli mpya, na marehemu amesimama pembeni anacheka na mtu asiyeonekana. Mwingine alikuwa na picha ya nyuma yake tu, ameinama kwenye injini. Alinipa hata hiyo. Na aliyekuwa msaidizi wake wa karibu alikuwa na ujumbe mmoja wa sauti, ambao alisema hajawahi kuufuta wala kuusikiliza tangu ajali. Alinitumia bila kuuchezesha.

Fundi aliifanyia kazi ile picha ya kundi kwa siku nzima. Aliwaondoa wengine pembeni, akausafisha uso, akauchapa. Tukaweka vyote, pamoja na vile vipande vya Sirari, kwenye flashi mbili, tukavifungua kimoja kimoja kwenye kompyuta yangu, halafu kwenye yake, halafu kwenye simu yangu.

Siku moja kabla ya kumbukumbu tulimpelekea mjane Matongo, wote wawili. Fundi alimwomba radhi kwa Kikurya, kirefu, chenye adabu, na bibi akamjibu na wakaulizana ukoo. Mjane aliipokea picha, akaitia kwenye fremu yake, ikaenea, akakifuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Binti mkubwa alisimama mlangoni na mdogo wake.

Nilimwambia kuna na sauti. Akasema tuiweke.

Ilikuwa fupi. Marehemu alikuwa anamgombeza msaidizi wake, akimwita mura, yaani kijana. "Mura, spana namba kumi na saba iko wapi? Nimekuambia ukimaliza rudisha. Hii gari inatoka saa nane, wageni wanasubiri, na wewe umekwenda kula." Kisha kelele ya chuma, na mwisho.

Binti mdogo alicheka. Mkubwa alisogea karibu na simu akaomba irudiwe. Tukairudia mara nne. Mtoto wa mgongoni, ambaye sasa alikuwa ameshushwa chini, alikuwa anavuta kamba ya kiatu cha fundi.

Mjane alisikiliza mpaka ya nne, akiwa amekunja mikono.

"Ni yeye," alisema. "Lakini hiyo ni sauti ya kazini. Nyumbani hakuwa anaongea hivyo." Aligeuka kunitazama, bila hasira safari hii, kama anayenieleza kitu ambacho anataka nikielewe vizuri. "Huyu mdogo atajua baba yake alikuwa mtu wa kugomba."

"Utamwambia alivyokuwa," bibi alisema kwa Kiswahili, Kiswahili cha kwanza nilichomsikia akitamka.

"Nitamwambia," alisema. "Kumwambia nitamwambia."

Tulialikwa kesho yake kanisani, fundi naye. Tulikwenda tukakaa nyuma. Picha ilisimama mbele juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na watu wa kambi walikuwa wamekuja na gari zima.

Kisanduku tulikiwekea programu mpya, kisha tukakiuza kwa mtu tuliyemweleza kila kitu, na akakichukua hivyo hivyo. Siku hizi sifuti simu ya mtu. Nampa flashi yake, namwambia aende nyumbani, aangalie kila kitu mpaka mwisho, arudi mwenyewe siku nyingine akitaka kufutiwa. Wateja wengine huona ni usumbufu, wanakwenda duka la jirani.

Mama yule naye huenda duka la jirani. Namwona siku za soko akipita upande wa pili wa barabara, mtoto sasa anatembea, amemshika mkono. Akiniona ananisalimu, ananiuliza habari za watoto, nami namuuliza za wake. Anasema wazima. Kisha anaendelea na safari yake, na mimi narudi mezani kwangu.